Kichwa cha mtumba kutoka Uingereza, namba D ya hapa hapa, au Mchina mpya wa mkopo?

Swali hili hunifikia karibu kila mwezi, na mara nyingi huja na picha mbili za WhatsApp. Ya kwanza ni dashibodi ya kichwa (lori la kuvuta tela) cha Scania R420 kilichoshuka bandarini juzi kutoka Uingereza: kilomita 1,060,000. Ya pili ni Scania ya aina hiyo hiyo, namba D (iliyosajiliwa hapa Tanzania kwa herufi zinazoanza na D), imeegeshwa yadi moja Tabata, dashibodi inasoma 480,000. Bei hazipishani sana. "Kaka, nichukue ipi?" Kabla sijajibu inaingia meseji nyingine: kuna watu wanampa muulizaji HOWO mpya, lori la Kichina, atangulize kiasi, iliyobaki alipe kila mwezi.

Nimekuwa tingo, nikawa dereva, sasa nina magari matatu njia ya Tunduma, mpakani na Zambia. Moja kati ya hayo lilinifundisha kazi kwa ada kubwa, nitalieleza. Sitakuambia lipi ni bora, maana anayevuta kontena kutoka bandarini kwenda bandari kavu ya Kurasini na anayekwenda Lubumbashi, Kongo, hawatafuti gari moja, hata kama wote wanasema wanatafuta "kichwa".

Vigezo vya kupimia

*Salio.* Watu huuliza bei, mimi huuliza utabaki na nini. Kichwa cha difu mbili (ekseli zote mbili za nyuma zinasukuma) kikifungwa tela la ekseli tatu lenye tairi mbilimbili, unahesabu tairi 22. Ukimaliza pesa yote kwenye gari halafu tairi nane zikawa kipara, umenunua pambo la yadi. Kipimo changu ni robo: ukishalipa gari, usajili, bima na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), robo ya pesa yako iwe bado mkononi. Ikiwa haipo, gari hilo ni kubwa kuliko mfuko wako.

*Kilomita zimetembewa wapi.* Odomita, yaani kihesabu kilomita, peke yake ni shahidi mmoja. Vichwa vingi vya Ulaya vinaonyesha pia saa ambazo injini imewaka. Gawanya kilomita kwa saa. Kilomita 1,060,000 kwa saa 15,800 ni wastani wa 67 kwa saa: gari hilo limeishi kwenye barabara kuu, gia ya juu, oili ya moto. Kilomita 480,000 kwa saa 16,500 ni wastani wa 29: hilo limeishi kwenye foleni, vilima na kungurumia mpakani usiku kucha huku dereva amelala. Lenye kilomita chini ya nusu ndilo lililowaka zaidi. Hesabu hii inachukua nusu dakika kwenye simu, na wauzaji wengi hawaijui.

*Litaharibikia wapi.* Gari lenye umri litaharibika, hilo si la kubishana. Likizimika Buguruni, fundi anakuja na bodaboda na spea anaitoa Ilala mchana huo huo. Likizimika kati ya Mpika na Serenje, ndani ya Zambia, unatuma fundi kwa basi, unatuma spea kwa basi jingine, unamlipa dereva posho ya kukaa na mwenye mzigo anapiga simu kila asubuhi.

*Mizani.* Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, ekseli ya usukani inabeba tani 8, ekseli mbili za nyuma zenye tairi nne kila moja tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Jumla 50. Kichwa cha ekseli mbili tu kinakupa 8, 10 na 24, yaani 42. Mzigo huo unaopungua, tani kama sita hivi ukitoa uzito wa ekseli yenyewe, ndio faida yako unayoiacha mizani ya Vigwaza.

*Mafuta.* Kwa mzigo kamili njia ya Tunduma, wengi wetu tunazungukia kilomita mbili kwa lita. Tofauti ndogo ni kubwa: safari ya Lubumbashi kwenda na kurudi ni kama kilomita 4,000. Gari la kilomita 2.2 kwa lita linakula lita 1,818, la 1.9 linakula 2,105. Lita 287 kila safari. Ukiweka dizeli Sh2,800, hiyo ni zaidi ya Sh800,000 iliyopitia bomba la moshi.

*Kuuza tena*, kwa sababu siku moja utalichoka.

1. Mtumba kutoka Uingereza, kilomita milioni moja

*Salio.* Bei unayotumiwa na muuzaji wa nje si bei ya gari. Kuna meli, bandari, ushuru, VAT ya asilimia 18, ukaguzi wa TBS (shirika la viwango), wakala na usajili. Mwambie wakala wa forodha akuandikie hesabu yote kwenye karatasi kabla hujatuma hata senti. Pesa yako pia italala wiki kadhaa baharini bila kuzaa. Kwa ndugu zetu wa Kenya chaguo hili halipo kwa gari la zamani: mtumba uliozidi miaka 8 hauingii.

*Kilomita.* Hapa ndipo mtumba huu unapong'ara. Malori ya kule yamefungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 90 kwa saa, hukaguliwa kila mwaka, na historia ya ukaguzi unaweza kuitazama mtandaoni kwa namba ya gari ya kule. Mengi yana takografu (kifaa kinachorekodi mwendo na saa za kuendesha), ambayo hupimwa upya na karakana zenye kibali kila baada ya miaka miwili na kubandikwa kibao chenye tarehe. Omba picha ya kibao hicho. Milioni moja ya namna hii hainitishi. Kinachonitisha ni chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi: chini ya gari unakuta mabomba ya breki, bolti na mikono ya springi imeliwa na kutu wakati kabati ya juu inameta.

*Litaharibikia wapi.* Injini yenyewe mara nyingi bado ina maisha, ila vilivyofungwa pembeni yake vimezeeka pamoja: turbo, pampu ya maji, nozeli, klachi. Tarajia kuvishughulikia mwaka wa kwanza. Hapa aina ya gari ina maana. Scania ya silinda sita ina hedi (kifuniko cha juu ya silinda) sita, kila silinda na yake. Gasketi ikiungua unafungua hedi moja na kuendelea na maisha. Volvo FH na DAF XF105 zina hedi moja ndefu, ukiigusa umegusa zote. Zote zina slivu (kuta za ndani za silinda) za kuchomoa, kwa hiyo injini iliyochoka inafumuliwa bila kuchonga bloku. Halafu kuna Euro 5, zinazotumia AdBlue (maji ya kusafisha moshi), na gia otomatiki: nzuri sana mpaka sensa moja ikatae, hapo unahitaji fundi mwenye kompyuta, si mwenye nyundo. Ritada ya Scania (breki ya ziada ya mteremkoni), ikiwa nzima, ni rafiki yako kushuka mlima Kitonga. Izime uone dereva atakavyotoka jasho.

*Mizani.* Dosari kubwa. Vichwa vingi vya Uingereza ni difu moja, na ekseli ya pili ni ile ya kunyanyuka, yenye tairi moja kila upande, tena nyingine ndogo. Mizani haikupi tani 18 kamili kwa ekseli za hivyo. Wapo mafundi wanaoongeza difu ya pili na wanafanya kazi safi, lakini gharama hiyo iingize kwenye bei siku ya kwanza.

*Mafuta.* Mazuri kwenye tambarare. Kumbuka tu kwamba difu zake zimepangiwa barabara kuu za kule. Ukipanda mlima na tani 30 utashuka gia mapema kuliko ulivyozoea.

*Kuuza tena.* Scania haikosi mnunuzi. DAF inasubiri kidogo.

*Inamfaa* mwenye pesa taslimu, fundi anayemwamini, na subira ya miezi mitatu kabla ya mzigo wa kwanza.

2. Namba D iliyotembea hapa hapa

*Salio.* Unalipa leo, kesho unapakia. Hakuna bandari, hakuna kusubiri, mara nyingi unapata na tela lake. Bei inajadilika kwa sababu muuzaji yuko mbele yako na ana sababu ya kuuza; kazi yako ni kuijua. Angalia kadi ya gari iko kwa nani, maana kadi iliyolala benki ina maana gari bado si lake. Angalia na deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Tela lina kadi yake na namba yake, likague peke yake.

*Kilomita.* Hapa odomita ni hadithi. Dashibodi hubadilishwa ikiharibika, na ikibadilishwa hesabu huanza upya bila mtu kukusudia ubaya. Wengine wanakusudia. Amini saa za injini kama zipo, amini pedali iliyolika, usukani uliokuwa laini, na zaidi ya vyote mwamini dereva aliyeliendesha. Mtafute akiwa peke yake, mnunulie chai. Mimi nilipata kuambiwa na dereva mmoja, bila kumuuliza: "Tajiri, hiyo usiichukue, tumeifumua injini mara mbili na bado inakunywa oili." Muuzaji alikuwa ameapa haijawahi kufunguliwa.

Sasa ile ada yangu. Nilinunua kichwa cha namba C, kimeoshwa, chesisi imepakwa rangi nyeusi mpya inanukia. Nikaipenda ile rangi. Mwezi wa nne, na mifuko 600 ya mbolea kwenda Makambako, kabla ya kuanza Kitonga, dereva alisikia mlio kama wa ubao kuvunjika. Chesisi ilikuwa imepasuka nyuma kidogo ya sahani ya kufungia tela. Tulipoikwangua rangi tukakuta kiraka cha chuma kilichochomelewa zamani, ufa umekizunguka na kuendelea na safari yake. Mifuko yote ilihamishwa kwa mabega ya vijana wa Ruaha Mbuyuni, mmoja mmoja, kwa bei waliyotaja wao. Tangu siku hiyo rangi mpya ya chesisi kwangu ni swali, si sifa. Ninatembea na msasa mfukoni.

*Litaharibikia wapi.* Uzuri wake ni kwamba limeshaharibika sana, na mengi yameshabadilishwa. Mafundi wa njiani wanaliona kama mtoto wa jirani, spea za mtumba zipo. Ubaya ni kwamba yaliyobaki ni yale ambayo hakuna aliyetaka kuyagharamia.

*Mizani.* Mengi yameshakuwa difu mbili. Pita nalo mizani tupu kabla ya kununua. Tela zilizoongezwa vyuma vya kuimarisha huwa nzito ajabu, na kila kilo ya chuma ni kilo ya mzigo uliyoipoteza.

*Mafuta.* Inategemea nozeli na tairi. Usikubali maneno, jaza tenki na kulijaribu na mzigo.

*Kuuza tena.* Utauza, kwa bei karibu na uliyonunulia ukilitunza. Gari la umri huu limeshashuka thamani kwa mwenzako.

*Inamfaa* mwenye kazi inayomsubiri wiki hii, na safari fupi.

3. Mchina mpya wa mkopo

*Salio.* Unatanguliza kidogo na kubaki na pesa mkononi, jambo ambalo chaguo mbili za kwanza hazikupi kirahisi. Lakini marejesho hayaijui foleni. Tuseme ni Sh6,000,000 kwa mwezi: gari likikaa siku 18 Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, likisubiri kuvuka, siku hizo 18 zimekula Sh3,600,000 limesimama. Mkopeshaji kwa kawaida atataka bima kubwa kwa muda wote wa deni. Soma kipengele cha kuchelewa kulipa kabla ya kile cha riba.

*Kilomita.* Sifuri, na historia unaiandika wewe. Faida isiyosemwa sana: wenye mizigo mikubwa, hasa mafuta na migodi, wengi huweka ukomo wa umri wa gari, na hapo mtumba wa 2009 haugongi hata mlango.

*Litaharibikia wapi.* Injini ya WD615 iliyo kwenye HOWO nyingi asili yake ni Steyr ya Austria, chuma cha zamani na rahisi, lita 9.7. Kila fundi kuanzia Chalinze mpaka Tunduma ameshaifungua. Spea ni rahisi na zipo kila mahali, ingawa rahisi hapa ina maana zote mbili: zipo za siku tatu na zipo za miaka mitatu, ndani ya boksi linalofanana. Waranti ipo, kwa sharti la sevisi kwa wakala, kwa hiyo uliza wakala ana karakana wapi nje ya Dar. Na madereva wanalalamika kiti na kelele. Wasikilize, dereva aliyechoka Igawa atafika Uyole akiwa hatari.

*Mizani.* Huja difu mbili tangu kiwandani. Hakuna la kusema zaidi.

*Mafuta.* Za injini ndogo ya zamani zinakula zikibebeshwa mlimani. Matoleo mapya yenye injini zilizotokana na teknolojia ya MAN ni afadhali, na bei yake iko juu.

*Kuuza tena.* Hapa ndipo inapouma. Thamani hushuka haraka miaka ya kwanza, na wakati mwingine deni linabaki kubwa kuliko bei ya gari sokoni.

*Inamfaa* mwenye mkataba wa maandishi wa mzigo, siyo ahadi ya simu.

Kabla pesa haijatoka mkononi (kwa chaguo la 1 na la 2)

Fika asubuhi sana na uguse injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna mtu amewahi kabla yako, na ana sababu. Washa ukiwa nyuma ya gari: moshi wa bluu ni oili, mweusi ni mafuta yasiyochomeka vizuri, mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni wa kuchunguza, huenda maji yanaingia. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikiruka, injini inapumua, ringi zimekwisha, na bei inashuka hapo hapo au unaondoka.

Jaza hewa ya breki hadi mwisho, zima, kanyaga breki ukashike hapo dakika chache ukitazama mishale. Sikiliza kwa masikio pia, hewa inayovuja inajisema. Nyanyua mbele kwa jeki utikise tairi kusikia kingpini (pini ambazo tairi za mbele hugeukia) kama zimelegea. Ingia chini na tochi ukague chesisi, hasa kuzunguka sahani ya tela na mikono ya springi. Linganisha namba ya chesisi na kadi, herufi kwa herufi. Kisha funga tela lenye mzigo, upande mlima wowote. Gari lisilojaribiwa na mzigo halijajaribiwa.

Kwa hali yako

Unavuta kontena bandarini, Kurasini, Ubungo, mwisho Kwala: kilomita ni chache, kusimama ni kwingi, fundi yuko karibu. Gari la umri halikuumizi, na la mkopo litakaa foleni likila marejesho. Namba D nzuri inatosha, hata ya difu moja ukiwa na kontena nyepesi.

Unakwenda Lubumbashi au Kolwezi na huna gari jingine la kukuokoa: usipeleke gari lisilojulikana safari ya kwanza. Ukichukua mtumba wa Uingereza, lizungushe Dar na Morogoro miezi miwili mitatu, ubadilishe kilichozeeka, halafu ndipo ulikatie bima ya kadi ya njano ya COMESA (bima ya kuvuka mipaka) na livuke Nakonde, upande wa Zambia.

Una mkataba wa mwaka mzima na mwenye mzigo anayelipa kwa tarehe: fanya hesabu ya Mchina, ukiweka safari pungufu mbili kwa mwaka kuliko unazotarajia. Bado inalipa? Endelea. Hailipi? Mkataba huo ni wa gari la bei nafuu zaidi.

Umeajiriwa ofisini na gari utaliendesha kwa simu: dereva umpate kabla ya gari, na yeye ndiye akalijaribu. Atakayekaa nalo Tunduma siku tano ajue alikubali kukaa na nini.

Yule wa picha mbili nilikwenda naye Tabata saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Injini ya namba D ilikuwa ya moto, kifuniko cha oili kikaruka mpaka kwenye bampa. Muuzaji akatazama pembeni. Mwenzangu ana kazi ya kontena za Kwala, hana haja ya kufika Zambia, na chesisi nilipoikwangua ilikuwa safi. Akakaa chini na muuzaji, wakatoa gharama ya kufumua injini kwenye bei, akalipa. Gari lilitoka yadini moja kwa moja hadi gereji, likakaa huko siku tisa kabla ya kuonja kontena la kwanza.